Walimsifu aliyeuliza, sisi wakatunyima swali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mama muuza barafu wa Ngamiani, hapa Tanga, mwaka wa 23 sasa. Gazeti lako nalisoma karibu kila siku, ingawa mara nyingi ni la jana, kwa kuwa jirani yangu mwenye duka akishalimaliza hunipa mimi kabla hajaanza kufungia vitumbua. Sijawahi kuliandikia. Leo nimeshika kalamu kwa sababu Jumamosi iliyopita nilitoka ukumbini na swali mdomoni, na mpaka sasa sijapata pa kulitua.

Kulikuwa na mkutano wa mazungumzo ya mkoa. Si wa chama wala wa kikoba. Ni ule mtindo wa mtu kupanda jukwaani peke yake, anaeleza wazo lake kwa dakika chache, anapigiwa makofi, anashuka, anapanda mwingine. Mtoto wa dada yangu, ambaye ndiye aliyeniletea kadi, aliniambia asili ya mtindo huu ni Marekani, unaitwa TED, ulianza mwaka 1984, na huko kwao msemaji hapewi zaidi ya dakika 18. Huku kwetu walipewa 12. Mbele ya jukwaa iliwekwa saa inayohesabu kurudi nyuma kwa tarakimu nyekundu, na msemaji mmoja nilimwona anaitupia jicho kama mtu anayetazama mita ya LUKU ikiwa imebaki uniti mbili.

Nianze na haki yao. Walioandaa walichagua watu, hawakuchagua vyeo. Alikuwepo mvuvi mzee wa Pangani, mkulima wa Lushoto, muuguzi kijana kutoka Kilindi, bwana aliyezeekea kwenye korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, kijana anayenunua machungwa Muheza, na mwalimu wa fizikia. Wa saba alizungumza juu ya kujiamini, na huyo sina la kumwambia gazetini.

Mzee wa Pangani ndiye aliyefungua. Alizungumza habari za yule samaki wa kale, silakanti, ambaye wataalamu walidhani alitoweka duniani zamani za zamani mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu Tanzania alianza kunasa kwenye nyavu za majarife mwaka 2003, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mzee alisema mara ya kwanza alipomwona hakujua ni dhahabu. Alichojua ni kwamba nyama yake ina mafuta yanayoendesha tumbo, basi hauziki. Ukumbi ulicheka vizuri. Lakini ilionekana wazi kuwa alifundishwa. Kila akifika mwisho wa jambo anatembea hatua tatu kulia, anasimama, anafungua viganja. Mvuvi gani wa Pangani anazungumza hivyo? Kipaza sauti walimbandika shavuni kama plasta, naye kila mara anakigusa kuhakikisha bado kipo.

Bwana wa mkonge alitueleza kuwa mkonge wetu ulianza na miche 62. Mjerumani aitwaye Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika ikiwa hai ni hiyo tu. Halafu akainua mkono wa kushoto, tukaona vidole vitatu. Viwili, akasema, vilibaki korona. Watu wakaguna. Saa ikafika sifuri, muziki ukapigwa, akashuka. Mimi nikabaki nimemkodolea macho. Je, alilipwa fidia? Aliendelea na kazi au alifukuzwa? Aliyemfuata kwenye mashine ile alikuwa nani? Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa, na tayari kijana wa machungwa alikwisha panda na picha zake za magunia.

Sasa ndiyo nafika kwenye lililonileta.

Mwalimu wa fizikia alituambia habari ya Erasto Mpemba. Wapo wasomaji wanaoijua, lakini niirudie kwa ufupi. Mwaka 1963, shule ya sekondari ya Magamba, huko Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaingiza kwenye friza. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mpemba alipoona inakwisha, akayaingiza yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu akakuta yake yameganda, na ya mwenzake, ambaye hakuchemsha kabisa, bado ni uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu hapa hapa Tanga mjini akamwambia kuwa yeye huweka ya moto makusudi ili iwahi kuganda. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa zima likawa linamtania hivyo.

Kisha akaja Mkwawa Dakta Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa mhadhara. Alipomaliza, wanafunzi wakaruhusiwa kuuliza. Mpemba akanyanyuka na swali lake: maji ya moto na maji ya baridi, vyombo sawa, kipimo sawa, kwa nini ya moto yanatangulia kuganda? Wenzake wakaangua kicheko. Osborne naye alidhani kijana kakosea, lakini hakumkatiza. Alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 wakatoa makala yenye majina yao wawili. Mpaka leo wanasayansi wa dunia wanaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, na mpaka leo wengine wanabisha kwamba halipo.

Mwalimu aliisimulia vizuri mno. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Akamalizia kwa kusema, watoto wetu wasiogope kuuliza. Nami, Mhariri, nikamtii. Nikanyoosha mkono.

Binti mmoja mwenye fulana ya mkutano akaja kwangu mbio mbio, akainama. "Mama, samahani, leo hatuna kipindi cha maswali. Ratiba imebana, halafu tunarekodi."

Nikamwambia, "Mwanangu, ni swali moja tu, linamhusu Mpemba."

"Naelewa, mama. Shusha mkono kidogo, unaingia kwenye picha."

Nyuma yangu kijana mmoja akasema, mama barafu anataka kututangazia biashara. Wakacheka. Nikaushusha.

Sina chuki na yule binti, alitumwa. Lakini nilikaa pale nikijiuliza, siku ile Mkwawa ingekuwa na ratiba iliyobana, tungemjua Mpemba? Yeye hakupanda jukwaani. Aliyepanda alikuwa Osborne, na mhadhara wa Osborne siku ile ulihusu nini, mwalimu wetu mwenyewe hakututajia. Kilichobaki ni swali la mwanafunzi aliyekuwa amekaa kitini.

Na swali langu halikuwa la mchezo. Kazi yangu ni barafu za ubuyu, ukwaju na maembe, na siku za Ijumaa natengeneza lambalamba za maziwa na tui. Ubuyu nauchemsha na sukari, kwa hiyo suala la kuingiza wa moto au kusubiri upoe ninalo kila siku ya Mungu. Nikiingiza wa moto, barafu zilizokwisha ganda pembeni zinalegea na uniti zinakimbia. Nikisubiri, wanafunzi wa zamu ya mchana wanapita sina kitu. Yale ambayo mwalimu aliyaeleza kwa picha za ukutani mimi nayafanya kwa mikono, na yapo niliyoyaona ambayo yeye hakuyataja. Nitayasema mwishoni, maana nimeamua kuliuliza swali langu humu humu gazetini.

Tulipotoka nje kwa chai niliona kitu kingine. Chini ya mkungu, pale kwenye birika la kahawa, wasemaji walikuwa wamesimama na watu wamewazunguka. Mkulima wa Lushoto ukumbini alikuwa ameeleza habari za matuta: jinsi alivyokata matuta kwenye shamba lake la mteremko, akapanda matete kwenye kingo, udongo ukaacha kwenda na mvua, na matete yenyewe yakawa chakula cha ng'ombe. Maneno mazuri, na ya kweli, nimeona mashamba ya namna hiyo. Kule nje mama mmoja wa Korogwe akamuuliza, "Kaka, tuta moja linachukua siku ngapi?" Akasita. Akauliza tena, "Mnachimba wangapi?" Yule bwana akacheka, akageuka, akamwita mkewe aliyekuwa amekaa pembeni na mtoto. "Njoo uwajibu, mama Hadija, wewe ndiye unayejua."

Kumbe mchimbaji ni mama Hadija. Yeye na mawifi zake wawili, msimu mzima wa kiangazi, tena kwa zamu kwa sababu mmoja lazima abaki na watoto na ng'ombe. Akatueleza mpini wa jembe ukiwa mrefu mgongo unapata nafuu, na udongo ukishakauka sana tuta halishiki, kwa hiyo usingoje mpaka Septemba. Ndani ya dakika tano tulipata mambo ambayo dakika 12 za mumewe hazikuyagusa. Wala yule bwana hakudanganya jukwaani. Alisema "tulikata matuta," na ni kweli walikata. Ilibidi mtu aulize ili tujue hiyo "tu" ni nani.

Nami nilisisimka zaidi kwa sababu marehemu mama yangu alikuwa Msambaa wa Mlalo. Baada ya Vita vya Pili, Waingereza waliwalazimisha watu wa kule kukata matuta, na mama alikuwa akisimulia jinsi wanawake walivyochukia kazi ile ya lazima, mpaka wenye milima walipogoma na mpango wenyewe ukafa kabla ya uhuru. Ningependa sana kumuuliza mkulima yule, au mkewe: kwa nini matuta ya lazima yalikataliwa na haya ya leo yamekubaliwa? Ni mbegu za matete? Ni ng'ombe wa ndani? Au ni kwamba safari hii hakuna bwana shamba mwenye fimbo? Swali hilo lingetufaa mkoa mzima. Kahawa ikaisha, tukaitwa ndani.

Jioni nilimfuata kijana mmoja wa waandaaji. Ni mtoto mwenye adabu, alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Shikamoo mama, nakuelewa, lakini ukiwapa watu kipaza sauti hawaulizi, wanahutubia." Alinitajia mkutano mmoja ambako mzee alisimama kusema swali lake lina vipengele vinne, akafika cha pili watu wakaanza kuondoka. Mwingine alisimama kuomba kura. Hapo sikubishana naye. Nimeshakaa kwenye mikutano ya mtaa, najua. Hata kwenye kikoba chetu yupo dada ambaye akiomba nafasi ya kuuliza wenzake huchukua ufumaji wao.

Lakini kikobani hatujawahi kufuta maswali kwa ajili ya dada huyo. Mwenyekiti anasema, bibie, uliza. Akipitiliza anasema tena, bibie, uliza. Mara ya tatu anampa mwingine. Na fedha hazitoki sandukuni mpaka aliyekaa mlangoni aseme ameelewa. Sisi watu wa Tanga ndivyo tulivyo, Mhariri. Mji huu ulikuwa na vikundi vya taarabu, Black Star na Lucky Star, kikundi hiki kinatunga, kile kinajibu, na mjini watu wanangoja jibu kwa hamu kuliko wimbo wa kwanza. Hata ukurasa wa mashairi wa magazeti yetu ya Kiswahili, mtu akifumba fumbo juma hili, juma lijalo kuna malenga wa Lindi au Mombasa amelifumbua, au ametukana kwa vina. Barazani mtu akisema peke yake saa nzima bila kukatizwa, tunajua ama ni mgonjwa ama anadai.

Isitoshe, hata hao TED wenye mtindo wao hawakufunga mlango kabisa. Mpwa wangu alinionyesha kwenye simu mkutano wao mkubwa uliofanyika Arusha mwaka 2007. Yupo kijana wa Malawi, William Kamkwamba, aliyejenga kinu cha upepo kwa vyuma vya baiskeli na miti ili awashe taa kwao. Siku ile hakuachwa peke yake na saa. Mwenye mkutano alisimama naye jukwaani, anamwonyesha picha, anamuuliza hiki ni nini, ulifanyaje, naye anajibu kwa maneno machache ya Kiingereza cha wasiwasi. Ni dakika chache tu, na kwangu ndizo tamu kuliko zote nilizoonyeshwa. Mzee wetu wa Pangani angefanyiwa hivyo, akaulizwa jarife lake linashuka pima ngapi na alimpeleka wapi yule samaki wa kwanza, asingehitaji kufundishwa hatua tatu kulia.

Hilo la Kiingereza nalo niliguse. Kati ya saba, wawili walizungumza kwa Kiingereza kitupu, na wote wawili nawajua, ni watoto wa hapa hapa, mmoja nimemuuzia barafu akiwa na kaptula. Nadhani waliambiwa kwamba video itatazamwa nje. Sawa. Lakini muuguzi wa Kilindi alizungumza Kiswahili, na alipoeleza jinsi wanavyombeba mjamzito kwa pikipiki usiku wa mvua, wawili wamemkumbatia katikati, ukumbi ulinyamaza hata feni zikasikika. Walio nje wakimtaka watamtafsiri.

Ninachoomba kwa mwaka ujao ni kidogo. Msemaji apewe dakika tisa badala ya 12, tatu zinazobaki ziwe zetu. Muongozaji awe mtu wa kusema, bibie, uliza. Kipaza sauti kifike viti vya nyuma, maana huko ndiko tulikokaa sisi tulioletewa kadi. Viti vya mbele vilikuwa vya wageni rasmi, na wawili kati yao niliwaona wamelala. Na asiyeweza Kiswahili cha ukumbini aulize kwa Kisambaa, Kizigua au Kidigo, hatakosekana wa kumfasiria.

Sasa swali langu kwa mwalimu wa fizikia. Namwomba ajibu kupitia ukurasa huu, maana naamini anausoma.

Mwalimu, nilijaribu mwenyewe Jumapili na Jumatatu. Nilichukua makopo mawili ya kilo yaliyo sawa, nikatia ubuyu kwa kikombe kile kile, moja ubuyu wa moto, jingine uliolala usiku kucha ukapoa. Jumapili friza langu lilikuwa na ukoko mnene wa barafu chini, kwa sababu sijalisafisha tangu mfungo. Kopo la moto liliuyeyusha ukoko ule, likazama, likakaa sawasawa juu ya bati. La baridi lilibaki limeelea juu ya ukoko. Lililotangulia kuganda ni la moto. Jumatatu nikazima friza, nikatoa ukoko wote, nikalikausha kwa kitambaa, nikaanza upya. Safari hii lililotangulia ni la baridi. Jioni nikarudia, ikawa vile vile.

Basi nauliza: siku ile Magamba, friza la shule lilikuwa na ukoko?

Wako msomaji,
Mama Barafu,
Ngamiani, Tanga